Kompyuta Yangu Haikufa, Ilipofuka Tu

Ndugu msomaji, ukisikia kijana wa kijijini anaandika riwaya, usidhani adui yake wa kwanza ni kukosa cha kuandika. Hadithi huku zimejaa tele. Ukikaa kijiweni nusu saa tu unaondoka na tatu. Adui ni vitu vidogo vidogo vinavyodai pesa: karatasi, umeme, bando, nauli, na siku hizi kompyuta. Makala haya yanahusu kitu kimoja cha namna hiyo, kidude cha kushika kwa mkono mmoja, ambacho mwaka 2025 kilitaka kuniachisha uandishi. Nayaandika kwa sababu najua wapo wenzangu wengi wenye kompyuta za mtumba, na yaliyonikuta mimi yako njiani kuwafikia wao.

Mimi ni mhitimu wa kidato cha nne. Nakaa na mama yangu hapa Magole, wilayani Kilosa, kando ya barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Asubuhi ni jembe, jioni ni kompyuta. Niliinunua mwaka 2022 kwa shilingi 280,000, pesa ya misimu miwili ya mahindi pamoja na vibarua vya kupalilia mpunga wa watu. Ni mtumba, tena mtumba mkongwe. Lile boksi lake, ambalo wengi wetu tunaliita sipiyu, ni la zile kompyuta za ofisini za zamani. Mtu aliyekuwa nayo huko ilikotoka aliiongezea kadi ya picha, nadhani wanawe wapate kucheza magemu.

Kadi ya picha, kwa wasiofahamu, ni ile sehemu inayogeuza hesabu za ndani ya kompyuta kuwa picha unayoiona kwenye kioo. Mafundi wanaiita grafiksi. Bila hiyo, au bila kitu kingine kinachofanya kazi yake, kompyuta inafikiri sawasawa lakini haiwezi kukuonyesha inachofikiri.

Kwenye mashine hiyo nilikuwa nachapa barua za maombi ya kazi na mikataba ya kukodisha mashamba, na kutengeneza kadi za harusi. Wateja wakiisha, usiku, naandika riwaya yangu. Maisha yenyewe yalikuwa yanakwenda hivyo, ya kubangaiza, lakini yanakwenda.

Mwanzoni mwa Aprili mambo yakaanza kama utani. Kwanza vikatokea vidoa vya rangi kwenye kioo, utadhani mtu kanyunyizia wino. Kesho yake ikaja mistari ya kusimama, myekundu na ya kijani, mithili ya nyuzi za kikoi. Siku ya tatu usiku, nikiwa katikati ya sentensi, kioo kikawa cheusi tii. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, lakini mbele yangu ni giza.

Humo ndani kulikuwa na mambo mawili. La kwanza ni kadi 100 za harusi ya binti wa jirani yetu. Malipo ya awali, shilingi 30,000, nilikwisha pokea, nayo yalikwisha geuka karatasi za kadi na unga wa nyumbani. Harusi ilikuwa imebakiza wiki nne, na kila mtu anajua kwamba kadi lazima zitoke mapema watu wachange.

La pili ni sura 14 za riwaya. Riwaya yenyewe inahusu mafuriko ya Januari 2014, yale yaliyotupiga Magole na Dumila, barabara kuu ikakatika, mabasi yakasimama, na familia nyingi zikaachwa bila makazi. Mimi nilikuwa darasa la tano. Nikiwa mkubwa nilizunguka kwa wazee nikiwaomba wanisimulie walichokiona. Mzee mmoja aliniambia jinsi alivyokaa juu ya mwembe usiku kucha na mjukuu wake begani, akimwimbia ili asilale akaanguka. Mzee yule alifariki mwaka 2024. Sura tisa za mwanzo nilikuwa nazo pia kwenye madaftari. Sura tano za mwisho, na maneno ya yule mzee kama alivyoyatamka, yalikuwa humo kwenye kompyuta peke yake, maana flashi niliyokuwa nimeyahifadhia iliazimwa na haikurudi. Sasa wewe fikiria usingizi wangu ulikuwaje.

Kijijini habari haina mguu lakini inakimbia. Asubuhi yake kijiwe kizima kilikwisha jua. Mmoja akasema, "Imekufa hiyo, wape wanunua chuma chakavu upate japo ya sukari." Mwingine akasema, "Rudi kwenye kalamu bwana, mbona Shaaban Robert hakuwa na kompyuta?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana ungefanyaje? Nikampigia fundi mmoja wa mjini Morogoro. Hakutaka hata kuiona. Akasema kadi ya mtumba ni shilingi 130,000, mpya nisiulize.

Mimi nilikuwa na shilingi 41,000.

Jioni mama akaniita jikoni. Akaniambia, "Mwanangu, ile pesa ya mbolea ya kukuzia ipo. Chukua. Mahindi hayalalamiki, wewe tangu juzi huli." We acha tu! Kuna maneno ya mzazi ambayo ukiyasikia unatamani ardhi ipasuke. Nikamjibu, "Hapana mama. Hayo mahindi ndiyo yatakayonilisha nikiandika. Nipe siku tatu." Siku tatu za nini, kwa kweli sikujua. Nilichojua ni kwamba mtu mwenye 41,000 hawezi kununua kwa kubahatisha. Tajiri anaweza kununua kadi, akiona siyo ubovu, anunue na kioo, akiona siyo, anunue kompyuta nyingine. Maskini ananunua mara moja tu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata senti, sharti ajue kwa hakika ni kipi kilichokufa.

Nikaanza uchunguzi ambao haugharimu kitu. Kwanza nilikwenda na kioo changu kwenye steshenari moja ya hapa hapa, nikaomba kiunganishwe na kompyuta yao. Kikawaka vizuri. Basi kioo ni kizima, na waya wake ni mzima. Pili niliwasha mashine gizani vile vile, nikasubiri, kisha nikabonyeza ile batani ya herufi kubwa kwenye kibodi. Kitaa chake kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazima. Maana yake kompyuta inanisikia. Tatu, nilichomeka spika ndogo, nikawasha upya. Baada ya dakika mbili ukaja ule mlio wa kukaribisha ambao huja mashine ikishafunguka. Ndugu msomaji, sijawahi kuupenda mlio kama siku ile. Kompyuta ilikuwa hai, imefunguka, riwaya yangu imo, ila imepofuka.

Yaani hapo ndipo nilipopata nafuu. Kama diski ndiyo ingekufa, ningelia. Lakini diski inayotunza maandishi na kadi inayoonyesha picha ni vitu viwili mbali mbali. Kufa kwa kimoja si kufa kwa kingine. Ni kama nyumba iliyokatika umeme: hujui mali yako iko wapi kwa sababu ya giza, lakini hakuna mwizi aliyeingia.

Baadaye nilisoma kwa nini kadi hizi hufa, nikaona niwagawie wenzangu. Katikati ya kadi kuna chipu moja kubwa, na chini ya chipu hiyo kuna vitone vidogo sana vya risasi ya kulehemu, vingi mno, ndivyo vinavyoiunganisha na kadi. Chipu ikifanya kazi inapata moto na kutanuka. Ukizima inapoa na kusinyaa. Fanya hivyo kila siku kwa miaka kumi, vitone vinapata nyufa. Ufa ukifunguka, picha inaanza madoa na mistari, kisha inakatika kabisa. Vumbi likiziba feni, au ile dawa nyeupe ya kupitisha joto ikikauka, siku zinafupika. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku madini ya risasi kwenye vifaa vingi vya elektroniki, kwa sababu nzuri kabisa za afya, viwanda vikahamia kwenye malighafi nyingine ambazo mwanzoni ziliwasumbua. Hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 2008 kampuni ya Nvidia ya Marekani ilitangaza kutenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za kompyuta za mkononi zilizokuwa zikiharibika kupita kiasi. Sasa kama wao yaliwafika, mimi wa Magole ni nani?

Kuna dawa moja inasifiwa sana duniani, nayo ni kuoka kadi kwenye oveni. Naam, kuoka kama mkate! Wanasema joto linaziba zile nyufa. Jamaa mmoja akanishauri tutumie jiko la mkaa na sufuria ya mama. Mama akasikia. Akasema, "Sufuria yangu haipiki redio." Mjadala ukaishia hapo, na ulistahili kuishia hapo. Ukweli ni kwamba kadi zilizookwa zikipona mara nyingi hupona kwa siku au wiki chache, kisha hurudia, na moshi wake si wa kuvuta wala chombo chake si cha kupikia tena chakula.

Na kwa nini kadi ya mtumba iwe 130,000? Hili nalo lina kisa chake, kirefu kuliko barabara yetu. Miaka ya 2020 na 2021 watu wa nchi za mbali walikuwa wananunua kadi za picha kwa mamia, si kwa kuangalia picha, bali kwa kuchimba pesa za mtandaoni, maana kadi hizo ni hodari wa hesabu nyingi kwa wakati mmoja. Bei zikapaa. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ukabadili utaratibu wake na kuacha kuzihitaji, na kadi zilizochoka kwa kufanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Ukinunua mtumba, huna namna ya kujua kama unauziwa kadi ya mtoto aliyecheza gemu Jumapili, au ya mchimbaji aliyeikamua miaka miwili bila kuizima. Yaani ungeweza kutoa pesa ya mbolea ukanunua mgonjwa mwingine.

Siku ya pili kati ya zile tatu nilifunga boksi kwa kanga nikapanda bodaboda hadi Dumila. Kuna kijana wa rika langu anatengeneza simu na redio karibu na soko, hana chumba, ana meza na mwavuli. Nikamweleza yote: kioo kizima, kibodi inaitika, mlio unasikika. Akanitazama akasema, "Kaka, wewe umeshamaliza kazi, mimi nimebakiwa na bisibisi tu." Akaligeuza boksi, akaangalia nyuma muda mrefu, kisha akacheka. "Hii mashine ina jicho jingine. Ona hapa, limefunikwa kofia."

Kweli bwana! Chini kidogo ya tundu nililokuwa nikichomeka waya wa kioo, palikuwa na tundu jingine la bluu lenye matundu madogo 15, limefunikwa kwa kipande cha plastiki. Tundu la aina hiyo asili yake ni kompyuta za IBM za mwaka 1987, na bado lipo kwenye mashine nyingi za zamani. Fundi akanieleza kwamba kompyuta nyingi za ofisini huzaliwa na picha yake yenyewe, imejengwa kwenye ule ubao mkuu. Ukiingiza kadi, ile ya ubao hujizima ikampisha mgeni. Ukimtoa mgeni, mwenyeji anarudi kazini.

Akachomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha boksi kuondoa umeme wa mwilini, akalegeza skrubu moja, akaitoa kadi. Akang'oa ile kofia ya plastiki, akachomeka kioo cha mteja wake mmoja, akawasha. Picha ikaja! Maandishi yalikuwa makubwa kama bango la mkutano wa hadhara na rangi zimepauka, lakini nikaona faili langu limekaa pale pale, lina jina lile lile. Sikuona haya kufuta machozi mbele ya watu wa sokoni.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: bodaboda kwenda na kurudi 4,000, fundi 5,000, flashi mpya mbili 20,000. Jumla 29,000. Nikarudi nyumbani na 12,000 na kadi mbovu mfukoni. Pale pale mezani kwa fundi, kabla ya kuzima mashine, riwaya ilikwisha nakiliwa kwenye flashi zote mbili. Moja nimempa dada yangu anayeishi Kilosa mjini, nyingine iko kwenye mkoba wa mama pamoja na kitambulisho chake.

Lakini nisikudanganye, msomaji, kwamba mambo yote yalinyooka. Picha ya ubao mkuu haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye ramu ya kompyuta, na mimi nina ramu ya giga 4 tu. Kwa kuandika, haina neno. Maandishi ni mepesi, hata mashine ya miaka ishirini iliyopita inayaweza. Kwa kazi ya kadi za harusi, ni mateso. Ile programu ya michoro ikifunguka unaweza kwenda kisimani ukarudi. Zile kadi 100 nilizimaliza kwa siku sita badala ya mbili, nikipunguza maua na vivuli ambavyo mashine ilikataa kuvibeba. Mama wa bibi harusi alipoziona akasema, "Hizi afadhali, zinasomeka." Lakini kazi mbili za mabango nilizozitegemea ilibidi nizikatae, na mwezi ule mapato yangu yalishuka karibu nusu. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, na mpaka leo bado nailipa kidogo kidogo.

Hata hivyo nililazimika kujiuliza swali ambalo pesa isingeniruhusu kujiuliza kama ningekuwa nayo: ile kadi nilikuwa naihitaji kwa nini hasa? Riwaya haikuihitaji hata siku moja. Nilikuwa tayari kuacha kuandika kwa sababu kimekufa kifaa ambacho uandishi haukukitumia. Hofu ilivichanganya vitu viwili vikawa kimoja. Nadhani umaskini unafanya hivyo kwetu mara nyingi: kinaharibika kimoja, sisi tunazika vyote. Mtoto akikosa sare tunasema shule imemshinda. Jembe likikatika mpini tunasema mwaka umeharibika. Kumbe ukikaa ukatenganisha, unakuta kilichokufa ni kidogo kuliko kilichobaki hai.

Wenzangu wenye mashine za mtumba, nina machache ya kuwaomba. Kabla hujanunua kompyuta, geuza boksi uangalie nyuma kama ina tundu la picha kwenye ubao wenyewe, siyo kwenye kadi peke yake. Kwa mashine mpya kidogo, angalia jina la prosesa: za Intel zenye herufi F mwishoni hazina picha ndani yake, kadi ikifa na wewe umekwama. Kioo kikiwa giza, jaribu kioo kingine, sikiliza milio, angalia kitaa cha kibodi, kabla hujamwamini anayekuambia utupe. Na kama diski ni nzima, maandishi yako yapo. Hata mashine nzima ikifa, fundi anaweza kuitoa diski akaisoma kwenye kompyuta nyingine.

Na hicho kibovu usikitupe jalalani. Ripoti ya kimataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na kilichokusanywa rasmi hakikufika hata robo. Kadi yangu nilimrudishia yule fundi wa Dumila, akachomoa feni yake na vipande vingine vya kutengenezea redio za watu.

Hapa kwetu tumeona maji yakichukua madaftari ya shule, vyeti, picha za marehemu na rejista za vikundi. Karatasi inakufa kwa maji, kompyuta inakufa kwa joto, na mzee anakufa kwa siku zake. Hakuna chombo cha kukiamini peke yake. Tangu washindi wa kwanza wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu walipotangazwa Aprili 2023, vijana wengi wanaandika kwa matumaini, nami nikiwa mmojawapo. Basi andikeni, lakini muwe na nakala mbili tatu katika nyumba mbalimbali.

Mahindi ya mama yalipata mbolea yake kwa wakati. Riwaya sasa iko sura ya 19, na yule mzee wa kwenye mwembe bado anamwimbia mjukuu wake.